Mtani Aliyemzika Baba

Baba yangu, Haruni, alikuwa polisi wa Wadachi, yaani Wajerumani, na sitamsafisha kwa maneno kwa sababu tu amekufa. Aliwatoa watu majumbani mwao kwenda kulima pamba ya Serikali, na waliochelewa aliwachapa. Lakini jioni akirudi, alinichambulia samaki miiba, nami nilikuwa na miaka tisa, meno yote ninayo. Mama akisema ananidekeza, baba humjibu kwamba anayeona wivu alete samaki wake.

Vita vya Maji Maji vilipofika kwetu Umwe, alipewa ulinzi wa kivuko cha mtoni. Wanawake na watoto walikuwa wakivushwa kwa mitumbwi kukimbia mapigano. Wenzake wawili walitoroka, yeye akabaki ukingoni mpaka mtumbwi wa mwisho ulipoondoka, na hapo mkuki ukampata. Asubuhi wapiga kasia walimleta nyumbani, wakamlaza barazani, wakaondoka haraka bila kuaga.

Ami yangu Khamisi alimwosha na kumvika sanda. Adhuhuri ikafika, hakuna wa kuchimba kaburi wala wa kubeba jeneza. Kwetu msibani haualikwi, ukisikia kilio unakwenda. Siku hiyo kilio kilisikika kijiji kizima na milango ikafungwa. Wengine waliogopa wapiganaji wasije wakawahesabu kuwa watu wa Serikali. Wengine walikuwa na alama za kiboko cha baba migongoni. Wale wa kwanza niliwachukia miaka mingi. Hawa wa pili niliwaelewa siku ile ile.

Nyonga ya ami ilikuwa mbovu, asingeweza peke yake. Jua lilikuwa kali. Mama alikaa akimpepea baba kwa pepeo la ukili, na aliniambia wazi kwamba anaogopa mumewe atakosa hata kaburi.

Ndipo akaja Mshamu, Mmatumbi, mtani wa ukoo wetu, jembe begani. Kwetu mtani ndiye mwenye kazi ya maziko. Anachimba, anabeba, anaamuru watu, na anamtania maiti ili wafiwa wacheke, wala hakuna wa kumkasirikia. Ndugu zake Mshamu walikuwa vitani upande wa pili. Alichukua tarabushi ya baba, akaivaa upande, akatembea kifua mbele kama baba mwenyewe, kisha akasimama miguuni pa maiti.

"Bwana polisi," alisema, "mara mbili umenitoa ndani kwangu kunipeleka pambani. Leo zamu yangu kukupeleka wewe. Na usinicheleweshe, kiboko ninacho."

Mama akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Jirani yetu Abdalah aliposikia kicheko alichungulia uani. Mshamu akamwamuru alete jembe. Abdalah akasema anaogopa kuulizwa.

"Wakikuuliza, sema mtani alikuamuru. Nani anamkatalia mtani msibani?"

Abdalah alikuja. Wakaja watatu, wakaja kumi, kila mmoja akinung'unika kwa sauti kwamba ameamrishwa. Hata Kondo, aliyechapwa kwa kuchelewa pambani, alishika mguu wa jeneza.

Kaburini Mshamu hakutania. Alimpokea baba mikononi, akamlaza kuelekea kibla, akampangusa mchanga juu ya sanda. Alipotoka alimwambia mama, "Shemeji, nimemlaza vizuri."

Mwaka uliofuata ilikuja njaa, na Mshamu hakuimaliza. Mama alinishika mkono tukaenda msibani kwake, kwani watani sasa tulikuwa sisi. Njia nzima nilikuwa nikitafuta neno la kumchekesha mjane wake, Mwantum, nikapata mawili matatu mazuri. Nilipomwona Mshamu amelala pale, mwepesi kwa njaa, yote yalinitoka. Nililia tu. Mwantum ndiye aliyenipakata, akaniambia kwamba tangu azaliwe hajaona mtani mbovu kama mimi, na mama akacheka.