Kura Moja, Wageni Wengi

Kura ya mumewe ilimchosha Dorika kabla hata haijapigwa. Mwaka ule wa 1958 serikali ya Waingereza ilitangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, lakini si kwa kila mtu: uwe na kipato kikubwa, au darasa la nane, au cheo. Kwenye kilima chao chote, kando ya barabara ya Makambako kwenda Njombe, aliyefaa alikuwa Mwalimu Methusela peke yake. Dorika, mkewe, aliishia darasa la nne.

Na kura yenyewe ilikuwa kituko. Mpigakura achague watu watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mhindi mmoja. Ukipunguza au ukizidisha, karatasi nzima inatupwa. Nani alikaa akabuni jambo kama hilo? Dorika alijiuliza kila alipomenya viazi vya wageni.

Maana wageni hawakuisha. Kila lori lililotoka Makambako liliteremsha mtu mwenye maoni. Kuhusu Mhindi hawakugombana. Walimtaka yule ambaye lori lake husimama kubeba wagonjwa. Balaa lilikuwa kwa Wazungu wawili waliogombea. Odilo, jirani yao Mkatoliki, alimtaka yule aliyemwazima dume la ng'ombe. "Ndama zangu umewaona, Mwalimu. Mtu wa namna hiyo si wa kuachwa." Kesho yake akaja Efraimu, mzee wa kanisa, akimtaka yule mwingine kwa sababu huvua kofia na kusalimu "kamwene" kama Mbena.

"Hilo limekwisha," Methusela alimwambia Odilo. "Hilo limekwisha," alimwambia na Efraimu. Tangu aolewe Dorika hajapata kumsikia mumewe akimwambia mgeni hapana. Wageni walikula njegere zake, wakafuta midomo, wakaondoka wameridhika.

Dorika hakuulizwa. Naye alikuwa na mgombea aliyemtaka, tena sana. Sokoni Makambako alisimama mkutanoni akauliza kwa nini wasichana wa huku wanarudishwa nyumbani baada ya darasa la nne. Mgombea mmoja Mwafrika alicheka, na watu wakacheka naye. Wa pili, mtu wa chama cha ushirika, aliwanyamazisha akasema, "Mama, umeuliza jambo la maana," kisha akamjibu mpaka mwisho. Tangu siku hiyo Dorika aliomba yule mtu ashinde. Lakini amwombe kura mume wake mwenyewe, kama mgeni aliyeshuka kwenye lori? Aliona aibu, akangoja aulizwe.

Siku ya kura Methusela alivaa koti la Jumapili akaenda Njombe. Dorika alishinda bondeni akilima kinyungu, kishamba chake cha unyevunyevu, moyo haujatulia. Alasiri lori likasimama, naye akapanda kilima mbio na jembe mkononi.

"Umemchagua nani, Baba Mika?"

"Kila aliyeniomba nimempa," alisema Methusela, uso umejaa furaha. "Odilo nimempa Mzungu wake. Efraimu nimempa wake."

"Wazungu wawili?"

"Mama Mika, niliwaahidi. Ningewatazamaje usoni?"

Dorika alihisi hasira ikimpanda mpaka kichwani. Mtu aliyefundisha hesabu nusu ya watoto wa kilima hiki! "Walisema mmoja! Karatasi yote imetupwa, hujampa mtu kitu."

Methusela alivua kofia, akaigeuzageuza. "Basi hata yule Mwafrika naye..." alisema polepole. "Nilimwekea alama yule wa ushirika. Hakuna aliyeniomba, nilimwona tu anafaa."

Ndiye. Alama yake ilikuwa pale pale, kwenye karatasi ile ile. Dorika alitaka kulia, akaona bora akasirike.

"Wewe ulikuwa unamtaka nani?" Methusela aliuliza.

"Sasa ndiyo unaniuliza."

Akageuka, akarudi bondeni, akalima mpaka giza likaingia. Jioni hiyo Odilo na Efraimu walifika pamoja kushukuru, wakakaa barazani wakinusa hewa. Methusela aliwaambia karibuni, akaingia jikoni mwenyewe, akakuta mafiga ya baridi.