Kanda ya Mama Kwenye Shamba la Mpunga

Dorotea wa Shanwe aliichukia simu siku ilipokatiza wimbo wa kwaya kwa tangazo la dawa ya nguvu za kiume, wakwe wamekaa sebuleni. Akaizima kwa kinyaa, akatoa kabatini redio kaseti na kanda aliyoithamini kuliko zote, ya kwaya ya kigango, marehemu mama yake akiongoza.

Kufungua, ganda tupu. Utepe hamna.

“Baba Mercy, utepe uko wapi?”

“Si niliutandaza juzi shambani Kakese,” mumewe, Telesphor, akajibu. “Unavuma kwenye upepo, ndege wanakimbia. Siku hizi nani anasikiliza kanda?”

Dorotea akamwangalia kama mtu aliyetema chakula mezani, kisha akapanda bodaboda. Shambani akakuta utepe umechafuka mavi ya ndege, na ndege wenyewe, kwelea, wametulia chini yake wanakula mpunga. Akaanza kuufuta kwa kanga, kipande kwa kipande, akiuzungushia kwenye ganda kwa kalamu.

Telesphor akamfuata mbio. “Mama Mercy, ndege watamaliza mpunga.”

“Hawamalizi. Utasimama hapa wewe, ugonge debe mpaka tuvune.”