Gurudumu Mgongoni mwa Ndege

Mkicheka, chekeni polepole, maana bado inaniuma. Mimi ni seremala hapa Bwera, na hujisifia jicho langu. Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Mahango aliniletea mchoro wake wa zamani wa ndege ya kuchonga kwa mbao. Ulikuwa umebaki huo mmoja tu, na mchwa walikuwa wameshauonja. Akaniomba niunakili kwenye karatasi mpya bila kuacha kitu.

Sikuacha kitu. Mgongoni mwa ndege niliona duara la kahawia, nikalipima kwa bikari, nikalinakili. Kisha, kwa kutaka sifa, nikaichonga ndege yenyewe.

"Fundi, gurudumu hii iko ya nini huku juu?" akauliza mama mmoja, mchuuzi kutoka Beni.

"Mama, ndege ikipinduka, inatua na hii."

Wateja wote wakaniitikia kwa vichwa.

Mwalimu alipokuja, aliitazama ndege, akaomba chai. Akainywa kwa kikombe chake cha bati, ambacho hutembea nacho kila mahali. Alipomaliza, akautandaza ule mchoro wa zamani mbele ya wateja wangu, akakiweka kikombe juu ya duara.

Kikaenea sawasawa.