Ndoo ya Mchanga ya Ami Khalfan

Wallahi siwaongopei, na wala msiniambie nilikuwa na usingizi. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, mwanga tele, na bega langu hili ndilo lililobeba jeneza.

Ami Khalfan, ndugu yake baba, alisoma Urusi ujanani. Akarudi na tabia moja: ndani ya buti la gari lake haikosi ndoo ya mchanga mkavu, ule wa chenga kubwa. Hapa Maskati! Tukimcheka sana, na kinara nilikuwa mimi.

"Ami, barafu ya hapa imo kwenye glasi ya sharbati tu!"

"Cheka, mwanangu," hujibu. "Barafu haipigi hodi. Na ikija usiimwagie maji. Itie mchanga, ukanyage penye mchanga."

Akafa majira ya baridi. Nyumba yake iko Darsait, hapa hapa Maskati, juu kilimani, na njia ya kushukia ni mteremko mkali wa saruji; gari la kuchukulia maiti lilisubiri chini. Ile tunamtoa tu, ikaanguka mvua ya mawe. Mvua ya mawe, Darsait! Dakika chache, njia nzima nyeupe pepepe. Jirani kwa wema wake akavuta mpira akamwagia maji iyeyuke. Lo, ndio kaharibu! Mawe yakawa uji wa barafu, na sisi tumevaa ndara. Maiti hacheleweshwi, na kumwangusha je? Nilikuwa mbele, upande wa kulia. Nikajiambia, leo tunamwangusha Ami mbele ya mtaa mzima.

Hapo ndipo nilipomwona. Mzee katupa mgongo, kavaa koti zito jeusi la kufika magotini, ndoo mkononi. Anamwaga mchanga kidogo kidogo, kama mtu anayelisha kuku, hana haraka. Wala hatelezi! Bila ya kugeuka akasema:

"Kanyaga nnapomwaga."

Sauti ile naijua. Nywele zilinisimama, lakini mguu ulitii. Nikakanyaga, ukashika. Wenzangu wakafuata hatua zangu. Jamani, ule ulikuwa ufundi! Mchanga kautandaza tabaka jembamba, sawasawa, hapana hata fungu moja, mpaka chini kwenye gari. Hakuna aliyeyumba.

Tukatua jeneza. Nikageuka nimshukuru, hamna mtu. Nikawauliza wenzangu. Mchanga wameuona, mzee hawakumwona.

Tuliporudi kutoka makaburini nikaenda kufungua buti la gari la Ami, lililokuwa uani kwake. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu tangu asubuhi. Ndoo ipo, lakini tupu, chini zimebaki chenga chache na maji baridi kama barafu. Nikakaa chini nikalia. Si kwa hofu, niamini. Kwa aibu, na kwa namna nilivyompenda mzee yule.

Ndoo hiyo sasa imo kwenye gari langu, huku Mabela ninakokaa, na nimeijaza mwenyewe. Wanangu wananicheka. Na kila ikiingia baridi, nyayo zangu husikia mchanga, hata nikitembea juu ya zulia.

Basi nakuusia wewe unayenisikiliza: mzee wako akiwa na kituko usichokielewa, muulize kabla hujamcheka. Mimi nilicheka mpaka akafa. Na siku nilipombeba, yeye ndiye aliyetangulia kunitengenezea njia.