Vigezo Anavyo

Stefania alifundisha hesabu za dawa katika chuo kimoja cha uuguzi mjini Korogwe, na hakuna aliyempenda. Hakuwa mtu wa kucheka. Kila wanachuo wapya walipoingia aliwapa jaribio ambalo hakutumwa na mtu kulitoa. Mwaka huo karibu darasa zima lilianguka. Akaenda kwa mkuu wa chuo, Fabiani, kuomba wafundishwe kwanza hesabu za sekondari. Fabiani akamjibu kwamba kama kazi imemshinda aseme.

Mmoja wa walioanguka alikuwa Adamu, kijana wa Handeni. Alimpigia simu mama yake, Hamisa, akalalamika kuwa mwalimu anamwonea. Hamisa aliacha palizi ya mahindi, akapanda basi, akamkuta Stefania nje ya darasa. Hata salamu hakutoa. Alitaka kujua mwanawe amemkosea nini.

Stefania akamwita Adamu. Akamwambia dawa ya maji ina miligramu mia mbili hamsini katika kila mililita tano, na mtoto mgonjwa anatakiwa kupewa miligramu mia moja ishirini na tano. Atampimia mililita ngapi?

Adamu alitazama viatu vyake. "Kumi," akasema.

"Mara nne ya kipimo chake," Stefania akamwambia Hamisa. "Hajui kugawanya."

"Kama hajui, mlimpokea wa nini?"

Hamisa akamwacha Stefania amesimama, akaenda na swali lilelile ofisini kwa Fabiani. Huyu alimkaribisha kiti, akamweleza taratibu kuwa kijana vigezo anavyo, cheti chake hakina tatizo, mwenye tatizo ni mwalimu.

Hamisa hakukaa. "Yule mwalimu simpendi," alisema. "Lakini aliyenidanganya ni wewe."

Jioni ile alirudi Handeni na Adamu pamoja na begi lake. Kijana hakumsamehe. Msimu mzima alilima naye shamba moja bila kumsemesha, na chakula akala peke yake.

Fabiani alimtupia Stefania lawama za kumpoteza mwanachuo, na mkataba ulipoisha hakumwongezea. Stefania akapata kazi katika sekondari moja huko Magoma. Anafundisha kidato cha kwanza, na huko nako wanamchukia.

Mwaka uliofuata Adamu aliomba tena chuo kilekile, bila kumwambia mama yake. Hakuwa amefungua daftari tangu aondoke. Walimpokea, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumpa jaribio.