Bi Harusi wa Banda la Video

Leo ninampaka binti yangu hina, na ile harufu ya majani mabichi na ndimu imenirudisha Msambweni, kwenye ukuta wa banda la video.

Pale palibandikwa bango la filamu ya kutisha: mwanamke wa kanzu nyeupe, nywele zimemfunika uso, mikono myekundu hadi viwikoni ikidondosha matone, na nyuma yake giza tupu. Nilikuwa mtoto, nililiogopa hata nikakataa kwenda chuoni kusoma Kurani, maana njia ilikuwa ile ile moja.

Nyanya akanishika mkono, akanisimamisha mbele ya lile bango. Akalitazama, akacheka.

"Ndiye huyu anayekutisha? Mwanangu, huyu ni bi harusi! Huoni hina yake, hata haijakauka? Na kichwa ameinamisha kwa haya."

"Na giza lile?"

"Yumo ndani. Bado hajatolewa nje."

Akapiga kigelegele pale pale barabarani, watu wakageuka.

Tangu siku hiyo, kila nilipopita nilimwamkia: "Shikamoo, bi harusi." Kisha mvua ikaja ikalibandua bango lote, nikarudi nyumbani nikilia.

"Nyamaza," nyanya akaniambia. "Amekwishapelekwa kwa mumewe."