Ukuta Uliolala Kifudifudi

Kiwandani walimwita mke wangu Mama Ndoo. Kazi yake ilikuwa kumwagilia zege maji. Zege ikikauka haraka hupasuka, kwa hiyo lazima inyweshwe kama mche. Alianza na matofali yangu, tulipokuwa tukifyatua wenyewe nyuma ya chumba cha kupanga, mimi na kalibu yangu, yeye na ndoo. Miaka ishirini na sita tulifanya hivyo.

Halafu kikaja kiwanda cha kuta. Mwanzoni tulicheka. Ukuta mzima unamwagwa ukiwa umelala mezani, nondo ndani, nafasi ya dirisha tayari, kisha lori linaubeba ukasimamishwe. Nikasema nyumba si kabati. Mwaka wa pili hakuna aliyekuja kununua tofali. Nyumba ya kunichukua miezi minne wao waliisimamisha kwa siku tano. Msimamizi aliniambia dunia nzima inakwenda huko, shule, hospitali, madaraja. Meza mbili zikawa thelathini, na kuta nyingine zilipanda meli. Nikaomba kazi. Mke wangu naye akaja na ndoo yake.

Alifanya miaka saba, mpaka zikaletwa mashine za mvuke. Ukuta unafunikwa turubai jioni, asubuhi umeiva. Wakamshukuru, akarudi nyumbani.

"Nimepokonywa kazi na birika," aliwaambia majirani. Walicheka sana, na yeye akacheka.

Kisha moyo ukaanza kumsumbua. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi. Daktari alituambia turudi tu nyumbani, na jinsi alivyosema nikaelewa. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja, linatazama ukuta wa jirani, hatua mbili. Mke wangu alikuwa mtu wa watu. Akawa analala anatazama ukuta.

"Mzee," akaniambia, "ile nyumba yetu tunayojenga, chumba changu kiwe na dirisha la barabarani. Liwe chini. Nikilala nione wanaopita."

"Utaona viatu tu."

"Vinatosha. Mtu namjua kwa viatu."

Kiwandani tuna utaratibu wetu. Zege inayobaki jioni hupewa wafanyakazi kwa zamu, na kila mmoja ana kalibu yake nyuma ya ghala, anamwaga kuta za nyumba yake. Kiwanja tulikuwa nacho. Kwa mwaka mmoja na nusu nilipata kuta zote isipokuwa wa mbele. Huo alinichorea kwa kidole juu ya shuka: mlango katikati, dirisha kushoto, kwenye chumba chake. Kulia kuwe kutupu, maana huko ni stoo.

Nikaweka dirisha kushoto.

Mwashi hujenga amesimama na ukuta umesimama. Pale kiwandani ukuta unalala kifudifudi, uso wa nje uko chini. Ukiusimamisha na kuutazama kwa nje, kushoto kunakuwa kulia. Nilikuwa najua. Nilishawafundisha wengine. Siku ile mawazo yalikuwa nyumbani.

Winchi ilipounyanyua, msimamizi akautazama, akanitazama. "Mzee wangu, dirisha umempa nani? Stoo?"

Tofali ningelibomoa asubuhi moja, lakini zege yenye nondo ukiitoboa dirisha inapasuka yote. Nikarudi nikamweleza mke wangu.

"Si uugeuze kama godoro?"

"Vyuma vya kuungia kona viko upande wa ndani tu."

"Basi kitanda kiende stoo."

"Hakiingii."

"Hata nikikunja miguu?" Akacheka, kikohozi kikamkatisha.

Wenzangu waliniachia zamu zao bila mimi kuwaomba. Jumatatu jioni nikamwaga ukuta mwingine. Safari hii dirisha niliweka kulia, nikakagua mara tatu. Mvuke ulikuwa wa kuta za wateja. Ukuta wangu ulihitaji maji na siku zake saba.

Alhamisi hakuweza kukaa kitandani bila kushikwa. Nikamwomba msimamizi winchi ya kesho yake. Akasema sawa, ukivunjika ni juu yangu. Nikarudi nikamwambia.

"Ulimwaga lini?" akauliza.

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi. Usiunyanyue."

"Utashika tu."

"Utapasuka kona ya dirisha. Huanzia hapo, nimeona nyingi." Akapumzika kidogo. "Ngoja saba, Mzee. Sijawahi kuachia ukuta wa siku nne unyanyuliwe. Sianzi na wa kwangu."

"Na wewe?"

"Mimi nipo."

Nikangoja. Asubuhi, mchana na jioni nilikuwa nakwenda kuumwagilia, halafu narudi mbio. Dada yake alikuwa anakaa naye nikitoka. Jumapili asubuhi mke wangu aliniuliza kama magunia niliyofunikia ukuta bado yana unyevu. Nikamwambia nakwenda kuangalia.

Nilikuwa naumwagilia ukuta, jirani yetu akaingia getini. Alikuwa anatembea polepole. Nikaweka ndoo chini.

Ukuta tuliusimamisha baada ya mazishi. Msimamizi alikuja mwenyewe kuongoza winchi, na wenzangu wote walikuwepo. Nilipitisha kidole kwenye kona zote nne za dirisha. Hakuna ufa.

Sasa naishi humo. Kitanda kiko chumbani. Asubuhi watu wanapita kwenda kazini, wengi wao kiwandani, wananisalimia dirishani. Niliwauliza mafundi wawili kama ukuta ule ungepasuka tungeunyanyua siku ya nne. Mmoja alisema ungepasuka. Mwingine alisema usingepasuka. Sikumuuliza wa tatu.